Bi Usukani na Silinda ya Tatu

Mkamwana ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na pengine ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

"Mama, trekta linakatakata," alisema asubuhi moja, amesimama mlangoni pa banda na ndoo mkononi. Ikambidi arudie kwa sauti ya juu zaidi ndipo mama mkwe wake akageuza shingo.

"Linakatakata nini?"

"Injini. Haiendi sawa. Inakwenda kama mtu anayechechemea."

Bi Usukani alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani, mke wa mwanawe wa pekee, mtu wa sindano na uzi. Tangu aingie katika nyumba ile hakuwahi kushika hata spana. Leo amepata wapi ujuzi wa injini?

"Hiyo ni cherehani yako, imekukaa masikioni," alimjibu, akapanda kitini, akatia gia, akaondoka zake.

Jina la Bi Usukani alipewa na watu tangu mumewe alipoanza kuumwa na yeye akakaa mahali pake, akawa anawalimia majirani mashamba yao. Wengine walidhani ni mzaha wa msimu mmoja. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, mume akafariki, naye akawa bado yuko juu ya kile kiti cha chuma, kitambaa kichwani, mgongo wima kama mtu anayepigwa picha. Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu, la petroli, rangi imebanduka kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuapa ilikuwa rangi gani. Zamani Bi Usukani alikuwa akiliita mke mwenza, kwa sababu mzee alirudi nyumbani ananukia petroli na hakuwa na la kuzungumza ila kabureta. Alipoachiwa yeye, wakapatana, kama wanavyopatana wake wenza wakishabaki wawili peke yao.

Sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Aliweza kuwa jikoni anamenya viazi, mumewe yuko ng'ambo ya mto analima, naye akasema, "Sasa ameingia kwenye udongo mzito." Jioni mume akirudi anakiri kwamba kweli. Fundi wa mashine, rafiki wa marehemu, alizoea kumtania kwamba hana haja ya kununua vipimo maadamu shemeji yupo. Kwa hiyo kumwambia mtu kama huyu kwamba injini yake inachechemea na yeye hajasikia, ni sawa na kumwambia mpishi kwamba mchuzi hauna chumvi ilhali ametoka kuuonja sasa hivi.

Hata hivyo aliona kwamba mambo hayakuwa shwari. Watu walikuwa wamebadilika. Mwanawe, aliyekuwa seremala, na ambaye zamani sauti yake ilifika barabarani, siku hizi alizungumza kama mtu aliyebana misumari mdomoni. Mara nyingi Bi Usukani aliingia sebuleni akamkuta na mkewe vichwa vimekaribiana, akikaa, wananyamaza. Mwenye duka naye alimuuzia betri za redio zisizo na nguvu, akalalamika, akapewa nyingine, zikawa vilevile. Akahama duka. Za huko nako hazikufaa kitu. Hata jogoo wa jirani alikuwa kama amekata tamaa ya kuwika.

Kisha akaja mwenye shamba la mahindi, mteja wake wa miaka mingi, amekunja uso. Alimpeleka mpaka shambani akamwonyesha mitaro. Mahali ardhi ilipoinuka, mitaro haikuwa na kina, plau halikushuka ilivyotakiwa.

"Trekta halina nguvu, mama," alisema, akiwa amemkabili uso kwa uso. "Nimekaa pale nikalisikiliza. Linamisi, moto unakatika. Watu wote wanasema."

"Watu wote gani?"

"Watu tu."

Bi Usukani alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo. Watu wote. Yaani habari imeshatoka nje. Na nani ameitoa, kama si yule wa cherehani, ambaye wateja wake wanakaa kibarazani kutwa nzima wakisubiri kupimwa viuno?

Hilo la mitaro alilipatia jibu lake: ardhi ilikuwa kavu. Mvua ilikawia mwaka ule, hata jembe la mkono lingepata taabu. Lakini usiku hakupata usingizi mzuri, na kesho yake alipotoka na ndoo kwenda kwenye bomba la uani alimkuta fundi wa mashine bandani, boneti iko juu, mwanawe amesimama ubavuni. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba fundi anakuja.

Fundi huyu alikuwa na kisauti chembamba tangu ujana. Marehemu alikuwa akisema kwamba rafiki yake akikusalimia, unafikiri anakuomba umfichie siri. Alikuwa ameinamia injini, mgongo kamgeuzia Bi Usukani, na alipoinuka alimwambia kijana maneno mafupi huku akitikisa kichwa. Bi Usukani aliyanasa hewani: "Ataiuza mtoto."

Aliitua ndoo taratibu, akasogea, akafunga boneti kwa mikono yake.

"Shemeji, karibu chai," alisema.

"Shemeji, hii mashine..."

"Karibu chai, nimesema. Mashine itanisubiri mimi."

Fundi akamtazama kijana, kijana akamtazama fundi. Macho yale mawili yalivyokutana, Bi Usukani akaona ni kama wamesaini mkataba mbele yake.

Kuanzia siku ile alifungua macho. Ufunguo wa trekta aliufunga kamba, akauvaa shingoni, ndani ya gauni. Kwenye kifuniko cha tangi la petroli alibandika unyuzi mwembamba kwa sabuni, ili mtu akikifungua ukatike. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alikwenda kuutazama. Unyuzi ulikuwa mzima. Hilo halikumtuliza, lilimfanya afikiri kwamba wameuona na wanaurudishia. Akaamua kung'oa kifuniko cha distribyuta, kile chenye kugawa moto kwenye plagi, akawa analala nacho chini ya mto. Mtu akitaka kuliiba trekta, alisukume.

Mkamwana alipoingia kutandika kitanda, akakikuta.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni changu."

Mkamwana alikirudisha chini ya mto pole pole, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota, akatoka bila neno. Na hilo nalo likaingia kwenye hesabu: kwa nini hakuuliza zaidi?

Halafu akaja mwanamume wa viatu vinavyong'aa. Bi Usukani alikuwa anaanika nguo alipomwona getini na mwanawe. Hawakuwa mbali, zamani angesikia hata walivyovuta pumzi. Mgeni alinyoosha kidole upande wa banda. Kijana akasema kitu. Mgeni akacheka, akaonyesha kwa viganja upana wa gurudumu. Walipomwona wakanyamaza, mgeni akaagana, akaenda zake.

"Nani yule?"

"Mtu tu, mama. Alikuwa anaulizia mbao."

Bi Usukani akabana nguo kwenye kamba. Tangu lini mbao zikawa za mviringo?

Mambo yalifika ukingoni siku aliyokuwa akilirudisha trekta bandani kinyumenyume. Alikuwa amelirudisha hivyo mara zisizo na idadi, angeweza kufanya hivyo amefumba macho. Alihisi mtikisiko mdogo nyuma, akafikiri ni jiwe, akaongeza mafuta. Alipogeuka, aliona maji yanaruka juu kama chemchemi. Bomba la uani lilikuwa limelala chini ya gurudumu, na kando yake alikuwa amesimama mkamwana, ameloa chapachapa, mikono iko juu, kinywa wazi.

Alizima injini, akashuka.

"Ulikuwa umesimama hapo muda wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukaniacha nivunje bomba?"

Mkamwana alimtazama kama haamini alichokisikia. "Mama, nimepiga kelele mpaka koo linaniuma. Nimekwambia simama, simama, simama."

"Hukusema kitu."

"Nimesema, mama."

"Ulikuwa unanitazama. Ulitaka niharibu, ili kesho mseme mama amechoka, alipumzishe trekta. Nawajua. Mwanangu mmeshamgeuza, na fundi mmeshamgeuza, imebaki mimi."

Mkamwana alikwenda kufunga maji kwenye mita, akaingia ndani, na mlango wa chumba chake ukafungwa. Bi Usukani alibaki uani na viatu vimejaa tope. Alikuwa na hakika. Lakini ndani ya hakika ile kulikuwa na kitu kinachomkera, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu: kile kinywa kilichokuwa wazi. Mtu aliyenyamaza kwa makusudi hafungui kinywa namna ile.

Basi akakata kauli. Angewaumbua. Angelipima trekta mwenyewe, kifaa kwa kifaa, na akishathibitisha kwamba injini ni nzima, angewaita wote bandani awaambie wamwonyeshe huo ugonjwa ulipo.

Alingoja siku ambayo mwanawe yuko kwenye karakana yake na mkamwana yuko kibarazani na wateja. Akaingia bandani na kifuniko cha distribyuta, akakirudishia mahali pake. Mlango mkubwa aliuziba kwa gunia ili wasimchungulie, lakini dirisha la nyuma aliliacha wazi, maana moshi wa injini hauna urafiki na mtu. Akaliwasha.

Alianza na kipimo alichofundishwa na mumewe. Unashika koleo lenye mpini wa mpira, unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja, injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa waya wa silinda nzima, mngurumo unashuka, unasikia kabisa injini imepungukiwa. Ukichomoa wa silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika, kwa sababu haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Ni kipimo cha sikio.

Akachomoa wa kwanza. Mngurumo ulikuwa mngurumo. Akarudisha. Akachomoa wa pili. Akakaza uso, akainamisha kichwa, akajaribu kuitafuta ile tofauti. Hakuna. Wa tatu, hakuna. Wa nne, hakuna.

Angeweza kufurahi na kuishia hapo. Lakini Bi Usukani alikuwa mtu wa injini kabla ya kuwa mtu wa ugomvi, na akili yake ikakataa. Kama hakuna tofauti hata moja, basi silinda zote nne zimekufa, na injini yenye silinda nne zilizokufa haingurumi. Kipimo chenyewe kilikuwa kimekosea mahali fulani. Alizima, akakaa juu ya kreti, akajipangusa mikono kwa kitambaa kibichi, akawaza.

Kulikuwa na njia nyingine, isiyohitaji sikio. Aliiacha injini ipoe kabisa, akachota maji kwenye kikopo, akaliwasha tena. Kisha, kabla joto halijaenea, akachovya vidole na kurusha matone kwenye mabomba manne yanayotoa moshi kwenye silinda. La kwanza: matone yakaruka, yakakauka. La pili, yakakauka. La tatu, yakakaa. Yalikaa pale juu ya chuma kama jasho kwenye paji la uso. La nne, yakakauka.

Akarusha tena. La tatu likabaki limelowa.

Kwa hiyo silinda ya tatu haikuwa ikiwaka. Mkamwana hakusema uongo, wala mwenye mahindi. Jambo la kwanza alilofikiri Bi Usukani ni kwamba wameiharibu wao. Mkono wake ulienda wenyewe kifuani, ukaupapasa ufunguo.

Akazima, akachomoa plagi ya tatu, akaibadilisha na ya kwanza. Akawasha, akarusha maji. Bomba la tatu bado baridi. Kumbe plagi haikuwa na kosa. Ukabaki waya. Aliinama akaufuata kwa macho kutoka kwenye distribyuta. Mle bandani, kwa lile gunia mlangoni, kulikuwa na kiza cha kutosha, na ndipo alipoona. Mahali waya unapopita karibu na kishikio cha chuma, mpira wake ulikuwa umesuguliwa na mtikisiko wa miaka mingi mpaka ukapasuka, na katika ule mpasuko cheche ndogo ya buluu ilikuwa inaruka kwenda kwenye chuma, inaruka, inaruka. Moto wa silinda ya tatu ulikuwa ukiishia njiani. Hakuna aliyekata. Ilikuwa kazi ya chuma na mpira, basi.

Alipaswa kupumua. Badala yake alibaki ameinama pale pale, kwa sababu aliijua cheche ya namna ile. Cheche ile hutoa mlio, mlio mkavu, wa wazi, kama mtu anayegonga ukucha mezani. Katika maisha yake alikuwa ameunasa mlio huo hata akiwa nje ya banda. Alisogeza uso karibu mpaka joto la injini likampiga shavuni. Akaiona cheche. Hakusikia kitu.

Alitoa gunia mlangoni, akavuka ua mpaka kibarazani. Wateja wawili wa cherehani wakamwamkia. Aliona midomo yao tu.

"Njoo," alimwambia mkamwana.

Mkamwana aliacha kitambaa kwenye mashine, akamfuata. Bi Usukani alimsimamisha karibu na injini, mahali alipoweza kumwona midomo.

"Unasikia nini?"

Mkamwana alimtazama kwanza, kama anayeogopa mtego. "Nasikia injini, mama. Inachechemea."

"Kingine?"

"Na hiki kinachogonga. Tik, tik, tik. Hiki hapa, mama. Si ndicho nilichokuwa nakwambia?"

Bi Usukani akazima injini. Wakakaa wote wawili kimya, ingawa kwa mmoja wao kimya hicho hakikuwa kigeni tena.

"Siku ile ya bomba," alisema hatimaye, "ulipiga kelele?"

"Nilipiga, mama. Wallahi nilipiga."

Jioni, kabla ya chakula, fundi aliitwa rasmi, na mwanawe akarudi kutoka karakana akakuta mama yake amekaa sebuleni, kiti kimeelekezwa mlangoni. Bi Usukani aliwataka wote wakae mahali anapoweza kuwaona midomo.

"Shemeji, siku ile ulipofungua boneti, ulimwambia nini mwanangu?"

Fundi akajikuna kidevu. "Nilisema injini inapoteza moto. Kwani wewe ulisikia nini?"

Bi Usukani hakumwambia alichosikia. Yale maneno mawili aliyarudia moyoni, inapoteza moto, ataiuza mtoto, akaona jinsi yalivyofanana kwa mtu anayeokota nusu na kujaza nusu mwenyewe. Akamgeukia mwanawe.

"Na yule wa viatu? Usiniambie mbao."

Kijana akainamisha kichwa. Mkewe akamgusa goti.

"Hakuwa wa mbao," alisema kijana. "Ni mnunuzi wa matrekta. Nilimuuliza kama angelichukua."

Fundi alikohoa. Hilo hata yeye hakulijua.

"Niliogopa, mama. Umesahau siku ile ulipokosakosa kumgonga mpita njia na baiskeli yake? Alikuwa anakupigia kengele nyuma, hukugeuka. Tumekaa mwezi mzima mimi na huyu tunajadiliana jinsi ya kukwambia kuhusu masikio yako. Kila tukianza, unakuja, tunashindwa. Nikaona trekta likiondoka, hatari imeondoka. Halafu alipotaka kuja kulichukua, nikamwambia hapana, siwezi. Sikukubaliana naye kitu."

Hasira ya Bi Usukani ilikuwepo, tena ya haki, lakini pembeni yake kulikuwa na kitu kingine alichoona haya kukikiri: nafuu.

"Kwa hiyo sikuwa nimerukwa na akili," alisema. "Masikio yamekwenda, lakini pua bado inanusa."

Mkamwana akacheka kidogo, akajiziba mdomo.

"Cheka tu," Bi Usukani akamwambia. "Wewe nimekuonea. Bomba ni langu, nitalirudishia mimi. Na wewe," akamgeukia kijana, "ukitaka kuliuza trekta langu, njoo uniambie mimi, kwa sauti, mbele ya uso wangu. Nikikataa, nimekataa. Lakini usiniuzie kichogoni."

"Sawa, mama."

"Sijasikia."

"Sawa, mama," kijana alirudia, kwa ile sauti yake ya zamani, hata vikombe vikatetemeka.

Waya mpya ulifungwa siku iliyofuata, na fundi akaukalisha mbali na kile kishikio, akaufunga kwa mpira juu. Silinda ya tatu ikawaka. Bi Usukani alirusha maji mwenyewe kuhakikisha, hata baada ya fundi kumwambia kwamba iko sawa. Hakuwa tayari bado kuamini kwa kuambiwa. Hospitalini walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikichukia. Alisema kinamletea kelele za vijiko na kukohoa kwa watu, na kwamba kukivaa juu ya trekta ni kama kuvaa injini kichwani. Alikivaa nyumbani, akakiacha mezani akienda kazini, na ugomvi kuhusu hilo haukuisha.

Kuhusu kulima, walifikia mapatano yaliyowashangaza majirani. Mkamwana alijifunza kuendesha. Alikuwa na mkono mtulivu, mkono wa mtu aliyezoea kufuata mstari wa chaki kwenye kitambaa, na mitaro yake ikawa imenyooka kuliko ya wengi. Bi Usukani hakumwambia hivyo mpaka msimu ulipokaribia kwisha. Alitembea nyuma ya plau, mikono mgongoni, akichungulia kina cha udongo, na akitaka lisimame aliinua mkono.

Kushuku hakukumwisha. Ufunguo aliendelea kuuvaa shingoni kwa miezi, na hakuna aliyemwomba auvue. Siku waliyorudi kwenye shamba la mahindi kulima upya ile sehemu isiyo na kina, mwanawe aliwaletea chakula. Alisimama karibu na gurudumu, akamwambia mkewe jambo, na wote wawili wakacheka. Bi Usukani alikuwa mbali, kwenye mtaro wa nyuma. Akasimama.

"Mnasema nini?" aliuliza.

Kijana akaweka chakula chini, akaja kwake akikanyaga mabonge ya udongo, akajikwaa, akainuka, akafika mpaka mbele ya uso wake, ndipo akamwambia.